Kopi Inapompiku Mwenye Wimbo

Ukitaka kukichafua kijiwe chochote cha wapenzi wa zilipendwa, huna haja ya kutaja Simba na Yanga. Sema tu kwamba kuna kopi tamu kuliko orijino, halafu agiza kahawa usubiri. Atatokea mzee mmoja atakayekuuliza umezaliwa mwaka gani. Mwingine atasema muziki ulikufa siku vinanda vya umeme vilipoingia. Wa tatu, na huyu ndiye wa kumwogopa, atatoa simu mfukoni na kuanza kutafuta ushahidi.

Nimelisema hilo vijiweni mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mpenda amani. Leo naliandika, maana kule hakuna anayekuacha ukamaliza hoja.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo kopi yenyewe. Sizungumzii bendi ya baa inayopiga wimbo wa watu kama ulivyo, kuanzia gita la kwanza hadi kikohozi cha mwimbaji. Ile ni kazi halali, ina jasho lake, na wanamuziki wengi tunaowaheshimu walijifunzia huko. Ila kopi ya namna hiyo haishindani na mtu. Sifa yake yote ni kufanana. Mimi nazungumzia pale mtu anapouchukua wimbo wa mwenzake, akauingiza ndani kwake akafunga mlango, na ulipotoka tena watu wakaanza kuuliza ni wa nani hasa.

Mfano ambao hata wazee wa kijiweni huukubali ni "Respect". Otis Redding aliurekodi mwaka 1965, na ndani yake kuna mwanamume anayetoka kazini, pesa ameleta, anataka heshima yake akifika nyumbani. Mwaka 1967 Aretha Franklin akauchukua. Akaongeza kule kulitaja neno lenyewe herufi moja moja, akawaweka dada zake, Carolyn na Erma, wamwitikie nyuma, na dai likageuka upande: sasa mwenye nyumba anaambiwa na aliyekuwa akimsubiri. Otis alikuwa mwimbaji wa kutisha, hakuna ubishi. Lakini baada ya 1967, anayeusimamia wimbo huo jukwaani anamfuata Aretha, awe anajua au hajui.

Tangu nilipowasikiliza hao wawili mmoja baada ya mwingine, kipimo changu kimekuwa kimoja tu. Naiuliza kopi: huyu aliyeurudia alikuwa na shida gani na wimbo huu? Kama hakuwa na shida yake mwenyewe, sauti nzuri haimsaidii. Atauimba vizuri, tutapiga makofi, tutarudi kwa mwenye wimbo.

Kwa kipimo hicho naanza kwa kuwaudhi wengi. "Malaika" ya Miriam Makeba haijaifikia ya Fadhili William.

Najua ninachokisema. Makeba aliuweka wimbo huo kwenye albamu aliyofanya na Harry Belafonte mwaka 1965, albamu ikachukua tuzo ya Grammy, na tangu hapo duniani kote ukitaja "Malaika" watu wanaona uso wake. Sauti ile haina mfano. Ni mwanamke ambaye serikali ya makaburu ilimfutia pasipoti mwaka 1960 akabaki ugenini miaka na miaka, kwa hiyo akisema kidogo tu unasikia umbali. Wala sitaigusa habari ya mwanamke kuimba "ningekuoa", hilo tumeshalicheka vya kutosha.

Tatizo langu liko kwingine. "Malaika" ni wimbo wa mtu asiye na mahari. Sikiliza tena ya Fadhili, Mtaita yule, aliyeurekodi na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960 kisha ukarekodiwa tena Equator Sound, studio ya Charles Worrod pale Nairobi. Gita linatembea pole, besi haina haraka, na sauti haina makeke hata kidogo. Kijana anamwambia msichana anampenda, halafu hapo hapo anajitetea: afanyeje, na yeye ni "kijana mwenzio"? Hayo maneno mawili yamebeba kila kitu. Hajitambulishi kwake kama bwana wala kama mlezi. Ni rika moja naye, wote wanajua mshahara wa mjini unaishia wapi, na wote wanajua wazazi wa msichana watauliza nini. Kisha anasema pesa zinamsumbua roho, na anavyolitamka neno "pesa" unajua aliwahi kuzihesabu usiku zikagoma kuongezeka. Hana sauti kubwa. Angeimba kwa sauti kubwa ningemshuku, maana mtu akiwa na aibu hapazi sauti.

Sasa mweke Makeba mahali hapo hapo. Akifika kwenye pesa, sauti inapanda na kutanda kama mfalme anayetoa salamu. Nani ataamini kwamba mtu mwenye sauti ile amekwama kwa ajili ya ng'ombe wawili watatu? Umaskini umetolewa ndani ya wimbo, ukabaki uzuri. Kwa msikilizaji wa New York asiyejua Kiswahili hakuna kilichopotea. Sisi wa huku kimetupotea kitu, ingawa tunaona haya kusema kwa sababu anayeimba ni Mama Afrika.

Boney M walikuja nao mwaka 1981 wakaufanya wa kuchezeka, na sina neno zaidi juu ya hilo. Angelique Kidjo wa Benin aliurudia kwenye albamu ya "Logozo" mwaka 1991, na yeye alikaribia kunibadilisha mawazo. Lafudhi yake ya Kiswahili ina safari ndefu ndani yake, ila anauimba kama aliyefiwa, si kama aliyenyimwa mke. Hiyo angalau ni shida yake mwenyewe.

Nilipata kuusikia wimbo huu katika hoteli moja ya ufukweni, pwani ya Kenya, ambako bendi ilikuwa ikipiga kwa ajili ya wageni wakati wa chakula cha jioni. Utaratibu mnaujua: "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms kwanza, kisha "Malaika", kisha "Jambo Bwana" tena kwa meza iliyochelewa kufika. Mwimbaji alikuwa mtu mzima aliyevaa shati la kitenge, anaimba huku akitazama juu ya vichwa vya watu. Mpiga gita alikuwa amefumba macho na sidhani kama ni kwa hisia. Mambo yakaenda hivyo hadi pale pesa zinaposumbua roho. Wahudumu waliokuwa wamesimama ukutani na sinia zao wakauitikia mstari ule, chini chini, sauti ya pili imenyooka kabisa, huku wakitazamana na kucheka. Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu na mshahara ulikuwa bado. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mwimbaji naye akageuka ukutani, akaurudia mstari kwa ajili ya wale, na kwa muda mfupi "Malaika" ikawa imerudi kwa wenyewe.

Kuna kichekesho hapa lakini. Huyo Fadhili ninayemtetea kama mwenye wimbo, wapo wanaosema na yeye alikopi. Mtanzania Adam Salim alidai hadi uzeeni kwamba aliutunga yeye katika miaka ya 1940, na Grant Charo wa Kenya naye alikuwa na madai yake. Fadhili alifariki mwaka 2001 na ubishi haukufa naye. Sina uwezo wa kuiamua kesi hiyo. Ila kama Mzee Salim alikuwa mkweli, basi "Malaika" yenyewe ndiyo kopi kubwa kuliko zote iliyompiku mwenyewe, na wanaotukana kopi kijiweni wamekuwa wakiipenda moja maisha yao yote.

Nisieleweke vibaya. Kuisifia kopi si kuusamehe wizi. Solomon Linda aliurekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939 akalipwa shilingi kumi, Wamarekani wakaufanya "Wimoweh" na baadaye wimbo wa simba usingizini, fedha zikamwagika, naye akafa mwaka 1962 hana kitu. Familia yake ilipata suluhu ya kisheria mwaka 2006. Ladha na haki ni mafaili mawili tofauti, na nikisema kopi ni tamu sijasema mwenye wimbo asilipwe.

Watu wa pwani, kwa jumla, hatujawahi kuogopa kopi. Nenda Mombasa ukaulize nani alikuwa fundi wa taarabu ya mahadhi ya Kihindi, utatajiwa Juma Bhalo kabla hujamaliza swali. Alikuwa akilichukua lahani la filamu ya Bombay lililokuwa kwenye kila redio, analivisha shairi la Kimvita lenye vina vilivyokaa sawa, na ukumbi unalia. Hakuna aliyesimama kudai kwamba sauti hii ameitoa kwa Wahindi. Kila mtu alijua, na wengine walikuwa wameshaiona filamu yenyewe. Waliokuja walikuja kusikia ameiweka nini ndani. Shairi likiwa bovu, hapo ndipo ungesikia kelele.

Na taarabu ya Unguja hali kadhalika. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi, na kikundi cha Akhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, kilianza kwa kuimba Kiarabu. Kwa maneno mengine tulianza kwa kukopi. Kisha akatokea mwanamke wa Fumba, mtoto wa watumwa, aliyekuwa akizunguka akiuza vyungu, akayaimba mambo ya mtaani kwa Kiswahili. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi santuri za His Master's Voice, na pwani nzima tunahesabu kuanzia kwake. Ndiyo maana kinachofuata kinasikika kama kufuru.

Bi Kidude ameuimba "Muhogo wa Jang'ombe" kuliko Siti.

Nianze kwa kumtendea haki Siti. Santuri za wakati wake zilichukua dakika kama tatu kila upande, na taarabu ni muziki wa kukaa, si wa dakika tatu. Ilibidi aingie, aseme, atoke. Sauti yake ya juu, nyembamba, yenye nidhamu ya ajabu, inatufikia imepita kwenye mikwaruzo ya karibu miaka mia, na udi nyuma yake unasikika kama unapigwa chumba cha pili. Nusu ya ushindi wa Bi Kidude ni wa mitambo, nakubali.

Nusu ya pili ndiyo ninayoipigania. Fatuma binti Baraka wa Mfagimaringo, ndiye Bi Kidude huyo, alimsikiliza Siti tangu udogoni, akazibeba nyimbo zake maisha yote. Lakini pamoja na taarabu alikuwa na kazi nyingine: alikuwa kungwi. Aliwacheza wari, akawafunda wasichana wasio na hesabu, ngoma ya msondo ikiwa katikati ya miguu yake. Na yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Sasa mpe mtu huyo wimbo ambao ndani yake umo ule msemo wetu wa kutotukana wakunga na uzazi ungalipo, uone kinachotokea. Siti anautoa msemo kama anavyotoa mwimbaji hodari, unapita, unaelekea beti inayofuata. Bi Kidude anausimamisha. Anachelewa makusudi, fidla zinamsubiri, analivuta neno kwa ile sauti nzito ya sigara, na analiacha chini kabla halijaisha vizuri. Kama shahidi aliyeitwa kizimbani bila kutarajia, hana haraka na hana cha kupamba.

Ndiyo ile shida ninayoizungumzia. Alipopewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005 dunia ilishangazwa na umri wake, maana hata yeye mwaka wake wa kuzaliwa hakuujua, na watu wakakaa kuhesabu miaka badala ya kusikiliza alivyokuwa akiufanyia kazi mstari mmoja. Alifariki Aprili 2013. Jirani yetu mmoja, bibi mtu mzima aliyekulia mtaa wa Ng'ambo, Unguja, redio ikimpiga Kidude alikuwa hachoki kusema, "Huyu kauharibu wimbo wa Bi Siti." Alikuwa akisema hivyo mguu wake ukipiga sakafu, na ukijaribu kubadilisha stesheni anakufokea.

Kuna nyimbo ambazo kipimo changu kinakwama. "Shauri Yako" ni mmojawapo. Ni wa Mkongo Nguashi Ntimbo, aliyeupiga na bendi ya Festival du Zaire, lakini waulize Wakenya wengi watakuapia kwamba ni wa bendi ya Super Mazembe. Mazembe nao walikuwa Wakongo, waliopitia Zambia kabla ya kutua Nairobi mwaka 1974, na maisha yao yalitegemea kuwafurahisha wenyeji usiku hadi usiku. Nguashi anaimba kama mtu aliyeumia na hataki ujue. Mazembe wanaimba wengi, sauti zimepangwa, magita yanapokezana, na likifika sebene umeshasahau nani alimkosea nani. Ukiwa umeachwa leo, sikiliza ya Nguashi. Ukiwa umeachwa mwaka jana, Mazembe. Zaidi ya hapo siwezi kukusaidia, na nimewahi kuona watu wazima wakinuniana kwa ajili ya jambo hili.

"Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny, ya 2016, haihitaji maneno mengi. Saida Karoli kutoka Kagera alikuwa ameshaifanya nchi nzima iimbe Kihaya isichokijua mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wakichambua kama karanga harusini na kwenye daladala. Diamond akaja na ngoma nzito na video ya rangi, ikapasua anga. Kazi nzuri, na imemrudisha Saida masikioni mwa watoto waliokuwa hawajazaliwa. Lakini zima redio uone kinachobaki kichwani: kiitikio cha Saida. Diamond alikuwa na shida ya wimbo wa kuchezesha watu. Hiyo nayo ni shida, ila huisha alfajiri.

Whitney Houston na Dolly Parton naona mnanisubiri nao. Dolly aliutoa "I Will Always Love You" mwaka 1974 akimuaga Porter Wagoner, mwenzake wa kazini, aliyekuwa hataki aondoke. Whitney akaupaisha mwaka 1992 ukawa wa mahaba na wa maharusi wote wa Afrika Mashariki, pamoja na kwamba ni wimbo wa kuachana. Mimi ni wa Dolly. Barua ya kuacha kazi iliyoandikwa kwa upole namna ile sijaiona tena.

Niwaachie na kopi ambayo haijafanywa, maana ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko hizi zote. Les Wanyika walizaliwa Nairobi mwaka 1978 kutoka ubavuni mwa Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili kina Kinyonga, watoto wa Tanga kama mimi. "Sina Makosa" yao kila mtu anaijua: besi ya Tom Malanga inayotangulia kukushika kiuno, gita la Omar Shabani, yule waliyemwita Profesa, linalozunguka palepale bila kuchosha. Mwanamume analalamika kwamba mwanamume mwenzake amemkasirikia, anataka hata kumuua, na utetezi wake ni kwamba wewe una wako nyumbani nami nina wangu nyumbani, chuki ya nini?

Haya, na hao wa nyumbani? Wimbo mzima wanaume wawili wanapatanishana, na wanawake wanatajwa kama kabati. Nataka mwimbaji mmoja wa taarabu, mwenye ulimi, auchukue wimbo huu kama ulivyo, asibadilishe neno hata moja, amwimbie mwanamke mwenzake. Mipasho tunayo, sauti zipo Tanga, Unguja na Mombasa, na kutetea asilolifanya mwanamke wa pwani hafundishwi. Besi ya Malanga waiache palepale. Akitokea wa kuufanya, ada ya kwanza ya kurekodi natoa mimi, na wazee wa kijiweni nitakwenda kuwakabili peke yangu.